Siti ya Mbele, Siti ya Nyuma: Heshima ya Mercedes-Benz na Kabila la Wabenzi

Afrika Mashariki ina makabila mengi yanayoanza na wa-: Wazaramo, Wagogo, Wakamba, Wanyankole. Miaka ya mwanzo ya uhuru watu waliongeza moja lisilo na kijiji, lisilo na jando wala unyago: Wabenzi. Walikuwa wakubwa wa serikali na mashirika ya umma waliorithi ofisi za mkoloni, na ambao mwananchi aliwatambua kwa nyota ya miali mitatu iliyosimama mbele ya gari. Neno hilo lilivuka mipaka, na waandishi wa siasa wa Ulaya na Marekani hadi leo hulitumia bila kulitafsiri. Sijui kampuni nyingine ya magari ambayo jina lake limegeuzwa kuwa tabaka la watu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Mercedes-Benz inastahili heshima inayopewa, humuuliza kwanza: unaitazama ukiwa umekaa siti ipi? Gari hili lina sifa mbili zilizokua pamoja tangu mwanzo. Moja ni ya siti ya mbele, ya mtu anayeshika usukani na kuchafua mikono. Nyingine ni ya siti ya nyuma, ya mtu anayefunguliwa mlango. Wanaoisifu kampuni na wanaoilaani mara nyingi hawagombani juu ya jambo moja.

Sifa ya mbele ilianza na mwanamke. Karl Benz aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, lakini chombo kilibaki kama mchezo wa karakana, na watu wa mji wake wa Mannheim, Ujerumani, hawakukiamini. Mke wake, Bertha, ndiye aliyekuwa ametoa mahari aliyopewa na wazazi wake ili biashara ya mumewe isife. Agosti 1888 aliwachukua wanawe wawili, akaliwasha gari bila kumuaga mumewe, akaenda nalo hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100 katika barabara za mikokoteni. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, dawa ya kutolea madoa, katika duka la dawa la Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka aliufunika kwa ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia ya kupandia milima.

Nasimulia kisa hiki kirefu kwa makusudi. Aliyelithibitishia gari hili jina lake alikuwa dereva na fundi kwa wakati mmoja, akatengeneza kwa alichokuwa nacho mkononi. Madereva wetu wa masafa marefu wangemwelewa bila mkalimani.

Nusu ya pili ya jina ilitoka kwingine kabisa. Emil Jellinek, tajiri aliyeishi Nice, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1900 aliagiza magari 36 kutoka kampuni ya Daimler, wapinzani wa Benz, akataka yawe ya kasi na yabebe jina la binti yake, Mercédès. Jina hilo la Kihispania ni la fadhila na huruma. Kwetu msichana huyo angeitwa Rehema. Gari lililobuniwa na Wilhelm Maybach likashinda mashindano ya Nice mwaka 1901, na matajiri wakaanza kupanga foleni. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1926 kwa sababu ya ugumu wa uchumi baada ya vita. Hata ndani ya jina lenyewe, basi, Benz ni mkono wa Bertha wenye mafuta, na Mercedes ni foleni ya matajiri wa pwani ya Ufaransa.

Watetezi wa nyota wana hoja nzito, na nzito kuliko zote si ngozi ya viti. Ni uhai wa watu. Mhandisi Béla Barényi aliomba hataza mwaka 1951 ya wazo lililoonekana la kichaa: kwamba gari salama si lile gumu kote, bali lile linalokubali kujikunja mbele na nyuma ili chumba cha abiria kibaki kizima. Magari ya 1959 yakatoka hivyo, na leo karibu kila gari jipya duniani, hata lile dogo la Kijapani unaloendea kazini, hujikunja kwa fikra ileile. Mwaka 1978 kampuni hiyo, pamoja na Bosch, ikaweka katika gari lake kubwa breki za ABS, zinazozuia magurudumu kugoma na kuteleza.

Kisha kuna kisa cha 1997, ambacho kwangu kina uzito kuliko ushindi wowote wa mashindano. Kampuni ilitoa gari dogo, A-Class. Waandishi wa gazeti moja la magari la Sweden walilijaribu kwa kulikatisha ghafla kulia na kushoto, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani, na gari likapinduka. Ilikuwa fedheha kubwa. Kampuni ikasimamisha mauzo kwa miezi kadhaa, ikalirekebisha na kulifunga mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisipoteze mwelekeo, ESP, ambao hadi wakati huo ulikuwa wa magari ya bei kubwa. Kosa lao likaushusha mfumo huo kutoka siti ya mkubwa hadi gari la mama anayepeleka watoto shule.

Halafu kuna magari ya dizeli ya miaka ya 1970 na 1980, hasa lile ambalo mafundi hulitaja kwa namba ya kiwandani, 123. Yalitengenezwa karibu milioni 2.7 kati ya 1975 na 1986. 240D, mojawapo ya magari hayo, haikuwa na haraka. Kupanda mlima nayo kulihitaji subira. Lakini ilikuwa teksi ya Ujerumani, na ikawa teksi ya Morocco, ikibeba abiria sita kutoka mji hadi mji kwa miongo mitatu na zaidi, mpaka serikali ilipotoa ruzuku ili wenyewe waibadilishe. Dereva teksi mmoja wa Ugiriki aliitembeza 240D ya toleo lililotangulia kilomita milioni 4.6, kisha ikapelekwa makumbusho ya kampuni. Tuseme na ukweli wake wote: injini zilibadilishwa mara nyingi njiani. Kwangu hilo halipunguzi sifa. Gari ambalo injini yake inatolewa, inafunguliwa, inafungwa na kurudi kazini, hilo ndilo gari la Bertha.

Upande wa pili una mambo ambayo shabiki wa kweli hapaswi kuyaruka. Wakati wa utawala wa Hitler kampuni haikuwa mtazamaji. Magari yake makubwa yalimbeba kiongozi huyo kwenye gwaride, na viwanda vyake viliunda injini za ndege na magari ya vita. Kufikia 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake, ambao kwa jumla walizidi 63,000, walikuwa raia walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Fidia ya mark milioni 20 ilitolewa mwaka 1988, zaidi ya miaka 40 baadaye, wengi wa waliostahili wakiwa wamekwisha kufa. Kampuni ilifungua nyaraka zake kwa wanahistoria na inakiri mambo haya hadharani, na kukiri huko kuna thamani. Ila anayeandika historia ya gari hili na kuruka kutoka 1930 hadi 1954 kana kwamba kiwanda kilikuwa likizo, huyo anauza gari.

Siti ya nyuma ilipata kiti chake cha enzi mwaka 1963, ilipotoka modeli iliyoitwa 600. Madirisha, viti na hata kifuniko cha buti vilisukumwa na mafuta yenye mgandamizo, kimyakimya. Yalitengenezwa 2,677 tu hadi 1981. Orodha ya wenyewe ina wanamuziki na papa, lakini ina pia Mobutu na Idi Amin. Hapo ndipo Wabenzi walipopata sura. Mwananchi alikuwa ameambiwa uhuru ni kazi, kisha akaona vumbi la gari lenye bei ambayo hesabu za kijiji chake kizima zisingeifikia.

Je, kosa ni la gari? Kuna hoja nzuri ya kusema hapana. Tanzania, ishara ya ukubwa imehamia kwenye shangingi, Land Cruiser VX ya Toyota, na hasira ya watu imehama pamoja nayo. Kenya, ripoti ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo na Transparency International ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba serikali iliyoingia kwa ahadi ya kupambana na ufisadi ilitumia zaidi ya shilingi milioni 870 kununulia magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004. Ndani yake zilikuwamo Benzi na magari ya Kijapani vilevile. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba mawaziri waache magari makubwa, watumie yenye injini isiyozidi cc 1800. Angalia kwamba dawa iliyopatikana ilikuwa kupima ukubwa wa injini. Nembo haikuguswa. Ulafi hauna kiwanda kimoja.

Hoja hiyo ingenitosha kama kampuni ingekuwa imesimama tu dukani ikimngoja mteja. Mwaka 2010 ilikubali kulipa dola milioni 185 kwa mamlaka za Marekani katika kesi ya rushwa: fedha na zawadi kwa maafisa wa serikali katika nchi zisizopungua 22, ili wao wanunue magari yake. Matawi yake ya Ujerumani na Urusi yalikiri kosa mahakamani. Afisa mmoja wa juu wa Turkmenistan alipewa Benzi ya kuzuia risasi, ya zaidi ya dola 300,000, kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo Mbenzi hakujizaa mwenyewe kila mahali. Palikuwa na mahali ambapo mkunga alitoka Stuttgart, makao makuu ya kampuni. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema chuma hakina dhambi. Chuma hakina, lakini muuzaji anayo.

Na sifa ya mbele nayo ilianza kuliwa. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni ilibana gharama kwa namna ambayo fundi wa gereji aliiona kabla ya mhasibu. Nyaya za injini za magari ya 1992 hadi 1995 hivi zilivikwa plastiki inayooza, kwa nia njema ya kulinda mazingira, zikaanza kumeguka mikononi. E-Class iliyotoka 1995 ilishika kutu, jambo ambalo mwenye 123 aliyeitunza alilitazama kwa huzuni. Mwaka 2005 kampuni iliita magari milioni 1.3 yarudi kurekebishwa, hasa kwa matatizo ya umeme na breki. Katikati ya hayo ilikuwa imeinunua Chrysler ya Marekani mwaka 1998 kwa thamani ya dola bilioni 36, ndoa iliyovunjika 2007. Mwaka 2020 ikalipa Marekani dola bilioni 1.5 kumaliza madai kwamba magari yake ya dizeli yalificha moshi wake halisi, ingawa yenyewe haikukubali kosa. Dizeli! Ile ile iliyoijengea jina Morocco na Ugiriki.

Magari yamerudi kuwa imara zaidi tangu miaka ile, na hilo lazima lisemwe. Lakini C-Class ya mtumba inayoshuka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam leo huuzwa kwa bei inayokaribia Toyota, na mnunuzi hukutana na ukweli baadaye: cheni ya injini inayorefuka, kompyuta inayotaka kompyuta nyenzake kabla ya kusema inaumwa wapi, na katika magari makubwa saspensheni za upepo zinazochoka na kulilaza gari chini asubuhi. Mafundi wetu wengi wamejifunza, wamenunua mashine za kupimia, wanaweza. Ila pini ya kofia haifanyi kazi tena.

Hukumu yangu ni hii. Heshima ya Mercedes-Benz ni ya haki, na wanaoimiliki ni Barényi, dereva wa Ugiriki na wale madereva wa Morocco kuliko wakuu waliokaa nyuma. Aibu yake nayo ni ya haki, na sehemu yake kampuni iliinunua kwa fedha taslimu. Kinachonisikitisha ni upande ambao ilichagua baadaye. Mei 2022 uongozi wa mkurugenzi mkuu Ola Källenius ulitangaza kwamba nguvu itaelekezwa kwenye magari ya anasa ya juu kabisa, na aina za magari yake madogo zitapunguzwa kutoka saba hadi nne. Wanahisa walielezwa faida ya kila gari litakalouzwa. Familia ya magari iliyopangwa kupunguzwa ndiyo ileile ya A-Class, gari lililopinduka Sweden na kuwalazimisha wakubwa wake kumlinda mtu wa kawaida.