Mrija mmoja unatosha

Juzi kwenye kikao cha kupanga utafiti, mzee mmoja ninayemheshimu sana alifunga mjadala kwa maneno manne: haraka haraka haina baraka. Tulikuwa tunajadili namna ya kupima asidi za mafuta kwenye damu ya wajawazito. Mimi nilipendekeza njia ya mrija mmoja. Yeye akataka tufuate njia ya Folch, ya kutoa mafuta kwa hatua nyingi, kama ilivyoandikwa mwaka 1957. Nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi.

Aliyewahi kushika pipeti anaijua kazi ya Folch. Klorofomu sehemu mbili, methanoli sehemu moja, changanya na sampuli, ongeza maji ya chumvi, zungusha kwenye sentrifuji. Katikati unakaa utando mweupe wa protini, nawe unapenyeza ncha ya kioo taratibu uifikie klorofomu chini bila kuuvuruga. Mkono ukitetemeka, unaanza upya. Kisha unakausha kwa naitrojeni, na hapo hata methili esta, umbo la asidi za mafuta ambalo mashine inaweza kulipima, hujaanza kuzitengeneza. Nimeingia maabara asubuhi, nikasikia adhana ya magharibi nikiwa na sampuli 20 tu mkononi na kichwa kinagonga kwa mvuke.

Mwaka 1986 watafiti Lepage na Roy walionyesha kuwa kutoa mafuta na kutengeneza esta kunaweza kufanyika pamoja: asetili kloridi, methanoli na benzini, nyuzi 100, saa moja, mrija uleule. Kila unapohamisha mafuta kutoka mrija hadi mrija, kuna kiasi unachokiacha kwenye kioo. Hapa huhamishi. Iweje hiyo iitwe njia ya mkato?

Na jambo linaloniuma hasa ni hili: damu haisubiri. Chembe nyekundu zimejaa chuma, na chuma ndicho kinachoharakisha kuharibika kwa DHA, asidi ya mafuta ya omega-3. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiokoi kitu kwa muda mrefu. Chembe zinahitaji nyuzi 80 chini ya sifuri, na nyuzi 80 zinahitaji umeme usiokatika. Mahali nilipofanya kazi zamani, friza ilizimika Ijumaa usiku na jenereta haikuwaka. Jumatatu nilifungua mlango nikakuta maji mekundu yameganda kwenye sakafu yake, lebo zimebanduka, zimeshikana. Sampuli zile zilikuwa zinasubiri zamu ya Folch. Mama mmoja alikuwa ananikuta getini kila siku ya kliniki. "Daktari, majibu yetu bado?" Ningemwambia nini?

Haya, nakubali: mrija mmoja unachanganya mafuta yote, na kwenye plazma, maji ya damu, huwezi kutofautisha fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa chembe, na mafuta ya chipsi za jana usiku. Lakini asidi za mafuta za chembe nyekundu karibu zote zimo kwenye utando wake, na chembe huishi siku 120 hivi. Hilo ndilo tunalolitaka. Anayetafuta mafuta ya transi aina moja moja, abaki na kolamu yake ya mita 100, ule mrija mwembamba wa mashine unaozitenganisha.

Kuna na tone la kidole kwenye karatasi. Visigino vya watoto tunavichoma tayari kwa kipimo cha VVU, na kadi zinasafiri. Karatasi ikitiwa BHT, kemikali ya kuzuia mafuta yasioze, kipande chenye tone kinaingia mrijani kilivyo, mradi kadi isilale mezani miezi.

Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwahi kuja kulinganisha damu ya Wamaasai, Wapare na wanawake wa Sengerema wanaokula samaki wa ziwa. Kazi nzuri sana. Ila nataka swali la samaki wa Sengerema lijibiwe Mwanza, na yule mama ajibiwe kabla hajajifungua.

Kikao kingine ni Jumanne. Nitamwomba mzee wangu tugawane damu moja, yeye afanye Folch, mimi nifanye mrija mmoja, kisha tuweke namba zetu mezani.