Kuuza kidonda: Alabama na utalii wa kumbukumbu

Dexter Avenue, mjini Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama, Marekani, ni barabara fupi. Kutoka chemchemi ya Court Square, chini, hadi jengo la bunge la jimbo, juu, dakika kumi kwa miguu zinatosha. Pale chini watu walikuwa wakinadiwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo hapo karibu Rosa Parks alipanda basi tarehe 1 Desemba 1955, akakataa kumpisha abiria mzungu kiti, na Weusi wa mji wakasusia mabasi kwa siku 381. Juu, nyota ya shaba inaonyesha aliposimama Jefferson Davis Februari 1861 akila kiapo cha urais wa Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Hatua chache kutoka kwenye nyota hiyo kuna kanisa la matofali mekundu ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake kuanzia 1954 hadi 1960.

Wageni huuziwa barabara nzima. Anayemtaka King ataonyeshwa kanisa. Anayemtaka Davis ataonyeshwa nyumba aliyoishi na familia yake, mkabala na bunge, kiingilio bure. (Nyumba hiyo haikuwa hapo tangu mwanzo, ilihamishwa na kuzinduliwa mahali pake pa sasa mwaka 1921, miaka sitini baada ya Davis, kwa hiyo kuna watu waliotaka kwa makusudi ionekane.) George Wallace, gavana aliyetangaza Januari 1963 kwamba ubaguzi utadumu milele, alitoa hotuba hiyo akiwa pale pale aliposimama Davis. Leo jimbo lake linaingiza fedha kwa kuonyesha njia za watu waliomshinda: mwaka 2018 majimbo ya kusini yalizindua kwa pamoja mtandao wa vivutio vya haki za kiraia, na ofisi ya utalii ya Alabama ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele.

Je, huku ni kukomaa, au ni kukitembeza kidonda kwa nauli? Kila upande una hoja.

Wanaoutetea utalii huu wana ushahidi mzito juu ya kilima kimoja cha Montgomery. Aprili 2018 shirika la wakili Bryan Stevenson, linalotetea wafungwa waliohukumiwa kifo, lilifungua hapo uwanja wa kumbukumbu wa watu waliouawa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani. Majina yao, zaidi ya 4,400, yamechongwa kwenye nguzo za chuma zaidi ya 800, kila nguzo ikiwa ya kaunti moja. Mgeni anapoingia nguzo zinamfikia usoni. Kadiri anavyotembea sakafu inashuka, mpaka nguzo zinabaki zikining'inia juu ya kichwa chake, naye anasimama chini yake kama walivyosimama watazamaji wa zamani. Nje, kila nguzo ina pacha wake aliyelazwa chini, akingoja kaunti yake ije imchukue ikamsimamishe nyumbani. Mamia ya maelfu ya watu wamepita hapo, na wakipita hula na kulala mjini. Kabla ya hapo kumbukumbu zilizotamalaki Montgomery zilikuwa za Shirikisho la Kusini. Sioni namna nyingine ambayo mji huu ungelazimika kuyasema majina hayo kwa sauti. Jambo ninalolipa uzito zaidi ni kwamba waliojenga si serikali ya jimbo. Maneno yaliyoandikwa ukutani hayakusubiri idhini ya mwanasiasa.

Kisha uende Selma, kilomita themanini hivi magharibi, na hoja hiyo inaanza kuchechemea.

Kwenye daraja la Edmund Pettus, tarehe 7 Machi 1965, polisi waliwapiga virungu waandamanaji waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, na picha zake zikaharakisha sheria ya kupiga kura ya mwaka ule. Mgeni anashuka kwenye basi, anavuka daraja, anapiga picha, anarudi Montgomery kulala. Kila Machi wanasiasa wanafurika kwa maadhimisho. Wakishaondoka mitaa inanyamaza. Selma ilikuwa na watu zaidi ya 28,000 mwaka 1960. Sensa ya 2020 iliwakuta chini ya 18,000. Januari 2023 kimbunga kilipita katikati ya mji na kuzidisha magofu. Mkazi wa huko akiuliza umaarufu wa daraja umemletea nini, sina jibu la haraka. Lakini si haki kuutwika utalii mzigo wote. Kambi ya jeshi la anga iliyoajiri watu wengi ilifungwa mwaka 1977, na wazungu wengi walihama pamoja na mitaji yao. Makosa ya utalii ni madogo kuliko hayo: uliahidiwa kama dawa ya ugonjwa ambao haukuwa wake.

Jina la daraja lenyewe ni mgogoro. Pettus alikuwa jenerali wa Shirikisho la Kusini na baadaye seneta, na anatajwa kama kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi. Wengi wametaka daraja lipewe jina la John Lewis, aliyevunjwa fuvu hapo na baadaye akawa mbunge wa Marekani. Lakini Lewis mwenyewe mwaka 2015 alipinga jina kubadilishwa, kwa kuwa historia ilikuwa imetendeka chini ya jina hilo. Julai 2020 jeneza lake lilivushwa hapo kwa gari la farasi.

Watetezi wa sanamu za Kusini hupenda kuiazima hoja hiyo: msifute historia. Nadhani wanaiazima vibaya. Lewis alitaka jina libaki kama ushahidi wa kesi. Sanamu nyingi zilisimamishwa ili kumtukuza mshitakiwa. Na jimbo halijakaa katikati. Sheria ya 2017 inazuia kuondoa minara ya kumbukumbu yenye umri wa miaka 40 au zaidi. Jiji la Birmingham lilitozwa faini ya dola 25,000 kwa kuufunika kwa mbao mnara mmoja, kisha ukaondolewa kabisa Juni 2020. Siku ya King mwezi Januari ni hiyo hiyo ya Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Shirikisho la Kusini. Kodi iliyowekwa zamani kwa ajili ya maveterani wa Shirikisho la Kusini bado inaihudumia bustani yao ya kumbukumbu, zaidi ya dola nusu milioni kwa mwaka.

Tusisahau pia kwamba fungu kubwa la fedha za utalii wa Alabama halina uhusiano na haya yote: linatoka kwenye mchanga mweupe wa kaunti ya Baldwin, Ghuba ya Mexico. Na Huntsville, penye roketi ya Saturn V, wageni humshangaa mhandisi wake Wernher von Braun bila kila mara kukumbushwa kwamba roketi zake za Ujerumani zilitengenezwa na wafungwa waliokuwa wakifa kazini.

Mfano unaonisumbua zaidi uko katika mji wa Mobile. Mwaka 1860, miaka 52 baada ya kuingiza watumwa kutoka nje kupigwa marufuku, jahazi Clotilda liliingiza watu 110 kutoka Afrika Magharibi usiku, likachomwa moto kuficha kosa. Baadhi yao walipopata uhuru walianzisha kijiji chao, Africatown, ambacho baadaye kilizungukwa na viwanda. Mabaki ya jahazi yalitambuliwa mwaka 2019. Wataalamu wameshauri liachwe kwenye tope lilipo, maana kulitoa kutaliangamiza. Baadhi ya wazao wanataka litolewe lionekane. Hapa nawaelewa wote wawili, na nashindwa kuwa wa kwanza kumwambia mjukuu wa abiria wake kwamba meli ile si ya kuonwa. Kwa sasa, katika nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa Africatown mwaka 2023, vipande vichache vya mbao zake vimezamishwa ndani ya tangi la maji ili visiharibike, na mgeni anavitazama kupitia kioo.