Mwarobaini: kwenye ngozi naukubali, kwenye kikombe nina shaka

Nyumbani kwetu mwarobaini ulikuwa na sufuria yake. Ukichemshia majani yale kwenye sufuria ya chai, uchungu hautoki hata ukisugua kwa majivu, kwa hiyo bibi alitenga moja, nyeusi kwa moshi, ikakaa nyuma ya jiko ikisubiri homa. Mtoto akichemka mwili, konzi mbili za majani zilitumbukizwa humo, maji yakageuka rangi, kikombe kikaletwa. Ukikunja uso uliambiwa: uchungu huo ndio dawa yenyewe.

Nimelelewa na mti huo na ninaupenda, ndiyo maana ubishi wake wa siku hizi unanisumbua. Kuna wanaoapa kwamba unatibu maradhi arobaini, jina lake likiwa shahidi. Kuna wengine wanaoona kila jani linalochemshwa ni ujinga wa wazee. Wote wanaujadili kana kwamba ni dawa moja, wakati jani la kuogea, kijiti cha kupigia mswaki, mafuta ya kokwa na kikombe cha majani au magome ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina hesabu yake.

Mti wenyewe ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni India na Myanmar, na kwa ukoo ni ndugu wa mkangazi tunaoujua kwa mbao. Umevuka Bahari ya Hindi ukastawi kwenye mchanga na ukame unaoshinda miti mingi. Hata mahujaji wetu huukuta uwanda wa Arafa, ulikopandwa kwa maelfu ili watu wapate kivuli.

Kwenye ngozi, wazee walikuwa na haki. Beseni la maji ya mwarobaini kwa mtoto mwenye tetekuwanga, harara au upele ni jambo la kawaida toka Tanga hadi Mombasa, na lina sababu: majani na mafuta ya mti huu yana kemikali zinazodhoofisha bakteria, kuvu na wadudu wadogo. Mwaka 1992 watafiti wa India walitoa taarifa ya wagonjwa 814 wa upele waliopakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo matokeo hayo yanahitaji tahadhari. Lakini kwa kitu kinachopakwa tu na kinachopatikana uani, mimi ushahidi wa namna hiyo unanitosha. Na kinywani vilevile: majaribio madogo yaliyofanyika India yameonyesha kwamba kusukutua kwa maji yenye mwarobaini hupunguza utando wa meno na uvimbe wa fizi. Mswaki wa kijiti haukuwa ushamba.

Ghalani ndiko mti huu unakong'ara zaidi, ingawa wauza dawa hawapataji. Kokwa zake zina kemikali iitwayo azadiraktini, inayomfanya mdudu ashindwe kula na kukua. Mkulima anayechanganya majani makavu na kunde au mahindi ili kufukuza fukusi anafanya sayansi, hata kama hajui jina la kemikali hiyo. Kampuni kubwa ziliitambua thamani hiyo mapema. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu wa mimea. Mwanaharakati wa India Vandana Shiva na wenzake walipinga, wakasema wakulima wa India wanalijua jambo hilo tangu zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kwa hiyo anayesema maarifa ya bibi zetu hayana thamani aeleze kwanza kwa nini watu waliyapigania kwa muda wote huo.

Sasa kikombe.

Hoja ya wanaokitetea haikosi uzito. Zahanati iko mbali, dawa huisha, mti uko mlangoni. Tena maabara imeonyesha kwamba baadhi ya kemikali za mwarobaini, kama geduni, huua vimelea vya malaria ndani ya kioo, yaani kwenye vyombo vya maabara. Hapo ndipo watu wengi husimama na kushangilia. Lakini kuua kimelea ndani ya kioo ni kazi rahisi kuliko kukiua ndani ya damu, ambako dawa lazima ivuke tumbo na ini, ifike kwa kiasi cha kutosha, isimdhuru mtu. Hatua hiyo mwarobaini haujaivuka, na hautajwi miongoni mwa dawa za malaria zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Mbona basi tulipona? Nimejiuliza sana swali hili. Homa nyingi za watoto si malaria. Ni mafua na virusi vingine vinavyoondoka vyenyewe kwa siku chache. Mtu mzima aliyeumwa malaria tangu utotoni naye ana kinga kiasi, na homa yake inaweza kushuka kwa muda bila dawa. Ukinywa kikombe siku ya pili na homa ikashuka siku ya nne, kikombe ndicho kinachosifiwa. Waliopelekwa hospitali wakiwa wamechelewa hawahesabiwi kwenye simulizi za mti.

Na hapo pana watoto wadogo. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili, muda uleule unaotumika kusubiri sufuria ifanye kazi. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa takriban dakika 20, na dawa mseto ndiyo tiba ya kwanza Tanzania tangu mwaka 2006. Hatari ya pili ni mti wenyewe. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa mdomo: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, ini na ubongo vikadhurika. Mjamzito naye asiyaguse, kwa kuwa kwa wanyama mafuta hayo yamezuia na kuharibu mimba. Anayetumia dawa za kisukari ajue kwamba mwarobaini unaweza kushusha sukari zaidi ya alivyotarajia.

Watetezi hunikumbusha kwamba dawa mseto nayo ilitoka kwenye jani. Kweli kabisa, na ni hoja yao bora. Mchina Tu Youyou alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maelekezo ya kuloweka mmea ndani ya maji na kuukamua, bila kuchemsha. Alitambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akabadili njia mwaka 1971, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Lakini tazama safari hiyo ilivyokuwa: kitabu kilimpa dokezo, kazi ya kupima kiasi, sumu na uponyaji ikafuata. Sufuria ya bibi ingeweza kuwa na dokezo kama lile. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Tanzania ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002. Ningependa kuona fedha zikienda kupima magome ya mwarobaini kwa utaratibu huo, badala ya chupa zisizo na kipimo zinazouzwa stendi kwa ahadi ya kutibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja.

Jambo moja dogo kwa wanaochuma wenyewe. Mmelia ni mti mwingine unaofanana na mwarobaini, na matunda yake ni sumu kwa watu na mifugo. Angalia maua: ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, vyenye meno kama msumeno; la mmelia hugawanyika tena kuwa matawi madogo. Ukiwa na shaka, usichume hata la kuogea.