Nyayo za Laetoli zifundishwe kwa kupimwa, si kwa kukaririwa

Kabla ya kuhamia Uingereza nilifundisha Historia katika sekondari moja ya kata mkoani Arusha, na sasa ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi huko Sheffield. Katika mengi ninayoyalinganisha kati ya huku na nyumbani, hakuna linaloniuma kama namna tunavyofundisha chimbuko la binadamu. Ushahidi uko kwetu, lakini wanaofunzwa kuuchunguza ni watoto wa huku.

Tangu Septemba 2014 mtaala wa taifa wa hapa unataka mageuko ya viumbe yafundishwe mwaka wa sita, yaani kwa watoto wa miaka 10 na 11. Katika somo mojawapo nililoshiriki, mwalimu alitandaza ukumbini karatasi ndefu iliyochorwa nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizoachwa na zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, kwa ukubwa wake halisi, bila kusema ni za nani wala zimetoka wapi. Watoto walitakiwa kuandika katika safu moja kile wanachokiona, na katika safu nyingine kile wanachokidhani. Waliona kwamba kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine, hakikuchepuka kando kama cha sokwe. Waliona kisigino kimezama, na kwamba hapakuwa na alama ya mkono hata mmoja. Kisha walipimana miguu na vimo, wakakuta kwamba urefu wa unyayo wa mtu ni kama asilimia 15 ya kimo chake, wakapiga hesabu: unyayo wa sentimita 18 ungekuwa wa mtu wa sentimita 120 hivi. Hapo msichana mmoja akauliza ni nani aliyewahakikishia kwamba viumbe hao walikuwa na uwiano wa mwili kama wetu. Mwalimu hakumjibu. Alimtaka aliandike swali lake ubaoni, na sehemu yote ya somo iliyobaki ikawa juu ya swali hilo.

Nyumbani, nyayo hizo hizo ni mstari mmoja wa kunakili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika kwamba ziligunduliwa Laetoli na Mary Leakey, anakariri majina ya zamadamu kwa mpangilio kana kwamba walipangana foleni hadi kumfikia yeye, na anajibu mtihani. Wengi humaliza shule wakiamini kwamba Zinjanthropus, zamadamu aliyepatikana Oldupai mwaka 1959, ni babu yetu wa moja kwa moja, ilhali wanasayansi kwa muda mrefu wamemweka kwenye tawi la pembeni lililokatika. Nakala ya fuvu lake ikiwekwa mezani pamoja na mfano wa fuvu la binadamu wa leo, mwanafunzi mwenyewe angeona magego yake makubwa na ule ukingo wa mfupa utosini uliokuwa ukishika misuli ya taya, akajiuliza kiumbe huyu alikuwa akila nini.

Simlaumu mwalimu. Najua darasa la wanafunzi zaidi ya themanini lilivyo, na najua mtihani unavyomshika mtu shingo. Lakini zoezi la nyayo halihitaji fedha za Sheffield. Nyayo za Laetoli zilihifadhika kwa sababu jivu la volkano lilinyeshewa mvua, likakanyagwa likiwa bichi, likakauka na kugumu kama saruji, kisha likafunikwa na jivu jingine. Matone ya mvua yenyewe yameacha alama, na kanga na sungura waliopita nao wameacha zao. Mwanafunzi wa Karatu anaweza kulirudia hilo uani kwa jivu la jikoni, udongo na ndoo ya maji. Mmoja atembee, mwingine akimbie, wa tatu abebe mzigo, na wenzao ambao hawakuona waje wapime hatua na kueleza nini kilitokea. Hata aliye Endulen, jirani kabisa na Laetoli, hawezi kuziona zile za mwaka 1978, kwa kuwa zilifukiwa upya ili zisiharibike. Naye atatumia nakala kama mtoto wa Sheffield.

Faida yake ni kubwa kuliko kuufurahisha mchana mmoja. Vitabu vyetu vimezoea kusema kwamba binadamu alisimama wima ili mikono yake ipate kushika zana. Sasa mpe mwanafunzi tarehe mbili: nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.66, na zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, za Lomekwi nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Mwache aseme mwenyewe kama maelezo ya kitabu yanatosha, na ni ugunduzi gani ungeweza kubadili jibu lake. Mzazi mwenye wasiwasi wa kidini naye asiogope, maana hapo mtoto haulizwi anaamini nini. Anaulizwa jiwe na unyayo vinaonyesha nini.

Tena kazi hii ina watu wetu. Nyayo nyingine zilizotangazwa mwaka 2016, karibu na zile za kwanza, zilichimbuliwa na timu iliyoongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi zina urefu wa sentimita 26 hivi, na aliyeziacha alikadiriwa kuwa na kimo cha kama sentimita 165. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha kwanza wamewahi kulisikia jina hilo?

Ningependa wanaotunga mitihani yetu waanze na badiliko moja tu. Badala ya kuuliza sifa nne za Zinjanthropus, wachapishe mchoro wa nyayo za watembeaji wawili pamoja na vipimo vyake, wamtake mtahiniwa aeleze yupi alikuwa mrefu zaidi, ametumia ushahidi gani, na ni jambo gani ambalo mchoro huo hauwezi kumthibitishia. Alama mbili kwa kila kipengele zinatosha, na usahihishaji wake si mgumu.