Memphis wanakula kwa nyimbo za wazee wao, Morogoro tumezikalia

Ninaishi Memphis, jimbo la Tennessee, lakini kwetu ni Morogoro. Nikiulizwa tofauti ya huku na nyumbani, sianzii kwenye mshahara wala baridi. Naanzia kwenye muziki wa wazee. Mji huu unakula mpaka leo kwa nyimbo zilizorekodiwa miaka ya 50. Morogoro nako walikuwepo wapigaji waliotikisa Afrika Mashariki nzima, na mimi nilimaliza shule pale bila mwalimu hata mmoja kunionesha ukumbi waliokuwa wakipiga. Jambo hili linaniuma, na linazidi kuniuma kila ninapompeleka mgeni kutembea mjini.

Mgeni wangu nampeleka kwanza namba 706, barabara ya Union. Ni jengo dogo la matofali ambalo Sam Phillips, mtayarishaji wa muziki, alilifungua kama studio Januari 1950, na baadaye likajulikana kama Sun. Chumba cha kurekodia ni kimoja tu, dari na kuta zimebandikwa vigae vyeupe vyenye vitundu vya kumeza mwangwi. Sakafuni wameweka alama ya X kwa utepe, pale wanaposema alisimama Elvis Presley, mwimbaji anayeitwa mfalme wa rock and roll. Watu wazima wanapanga foleni wakanyage alama ile, washike maikrofoni ya zamani, wapigwe picha. Nimemwona mzee wa Kijerumani akifuta machozi pale. Akitoka hapo atanunua fulana, atakula, atalala hotelini, na kesho yake atakwenda Graceland, nyumba ya Elvis iliyo wazi kwa wageni tangu 1982. Hesabu wapishi, madereva, wafagizi na wapiga gitaa wanaopata riziki kwa safari ya mtu mmoja.

Lakini rock and roll haikuanza na Elvis, na mtu yeyote akikaa Memphis kwa muda na kusikiliza wazee Weusi wa hapa atalijua hilo. Machi 1951, kwenye chumba kile kile, vijana wa bendi ya Ike Turner kutoka Clarksdale, Mississippi, walirekodi "Rocket 88", mwimbaji akiwa Jackie Brenston. Amplifaya ya gitaa ilikuwa imeharibika safarini. Inasimuliwa kwamba waliishindilia karatasi ndani ili spika ishike, sauti ikatoka na mkwaruzo, na Phillips akaupenda mkwaruzo ule akauacha. Wengi huitaja rekodi hiyo kuwa ya kwanza ya rock and roll. Mimi naona kutafuta ya kwanza ni kazi bure. Mwaka 1944 Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kilokole kutoka Arkansas, alikuwa tayari anarekodi nyimbo za kanisani kwa gitaa la umeme, na ukimsikiliza leo unasikia kila kitu kimo humo: gitaa linalojibu sauti, piano inayokimbia, na lile pigo zito la pili na la nne ambalo waumini hulipigia makofi.

Watu waliotengeneza muziki huu walikuwa watoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi na Arkansas. Blues, nyimbo za huzuni na maisha ya watu Weusi, waliimba Jumamosi usiku, injili Jumapili asubuhi, na walikuwa wakisikia pia nyimbo za Wazungu maskini wa vijijini. Kilichowavusha ni redio. WDIA ya hapa Memphis, mwishoni mwa miaka ya 40, ndiyo ilikuwa ya kwanza Marekani kuweka watangazaji Weusi kwenye vipindi vyake vyote, mpiga gitaa la blues B.B. King akiwa mmoja wao, na 1954 ikapewa nguvu ya wati 50,000. Sheria za ubaguzi ziliweza kutenganisha viti vya basi na milango ya sinema. Redio hazikuiweza. Kijana wa Kizungu alijifungia chumbani kwake akasikiliza, na alipotoka alitaka kucheza namna ile, kuvaa namna ile na kumwuliza baba yake maswali. Wazazi walishtuka, wachungaji wakachoma sahani za santuri. Nadhani walichoogopa hasa ni kwamba watoto wao walikuwa wamewapenda watu ambao wao waliwafundisha kuwadharau.

Na hapa sitaki kuisifia Memphis kupita kiasi. Wimbo wa kwanza wa Elvis, Julai 1954, ulikuwa "That's All Right", kazi ya Arthur Crudup aliyeurekodi 1946. Crudup alihangaika na vibarua vya shambani hadi uzeeni, akafa 1974 akiwa bado anadai malipo yake. "Hound Dog" ulikuwa wimbo wa Big Mama Thornton miaka mitatu kabla ya Elvis kuutoa 1956. Rosetta Tharpe alizikwa Philadelphia mwaka 1973, na kaburi lake likakaa miongo mitatu na zaidi bila jiwe lenye jina. Jumba la heshima la rock and roll lilimwingiza 2018.

Mawimbi yale yalifika hadi kwetu. Nairobi ya miaka ya 60 ilicheza mtindo wa twist wa mwanamuziki Daudi Kabaka, na wimbo wake "Helule Helule" bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliuchukua ikautoa upya 1968. Dar es Salaam, 1969, wakuu wa mkoa walipiga marufuku soul, ndugu wa damu wa rock and roll ambao mwingi ulirekodiwa hapa hapa Memphis. Hata Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja, na leo watalii wanalipa kiingilio katika makumbusho yake pale Mji Mkongwe. Kwa hiyo tunajua namna ya kufanya. Tumemfanyia mtu ambaye dunia ilishatuambia ni mkubwa.

Sasa Morogoro. Babu yangu alikata mkonge. Alinisimulia kwamba siku ya mshahara walishuka mjini kwa miguu, viatu vikiwa mkononi visije vikaingia vumbi, wakavivaa mlangoni mwa dansi. Upande mmoja bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, upande wa pili Morogoro Jazz, na mji umegawanyika kama Simba na Yanga. Salum alifariki 1965 kwa ajali. Mbaraka Mwinshehe akalipaisha gitaa la Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kisha akaanzisha Super Volcano, na 1979 ajali ya gari Mombasa ikamchukua. Pamba na mkonge, vibarua na mshahara, gitaa la umeme na usiku wa Jumamosi: hadithi ni ile ile.

Kuna kitu ambacho nyumbani wanatushinda kwa mbali sisi wa huku Memphis. Beale Street, mtaa wa blues, usiku umejaa wageni waliosimama na bia wakitazama jukwaa. Kwetu ukipiga Mbaraka kwenye harusi, bibi anainuka, mjukuu anainuka, na wote wanaujua ubeti wa pili. Mapenzi tunayo tele. Tusichokuwa nacho ni mlango wa kumpeleka mgeni, na malipo kwa familia za waliotunga. Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu kwa miongo, mwanamuziki akapewa ujira mdogo mara moja akaenda zake, wimbo ukaendelea kupigwa.

Wapo watakaosema sisi ni maskini, tusubiri. Memphis nao walibomoa. Karibu mtaa mzima wa Beale uliporomoshwa kwa jina la maendeleo, na studio ya Stax, kitovu cha soul, ilivunjwa 1989. Mwaka 2003 wakajenga jengo la kufanana nayo mahali pale pale, kwa gharama ambayo kulitunza la zamani kusingefikia. Sisi bado tuna wazee waliocheza kwenye kumbi zile. Manispaa inaweza kuanza na kibao cha chuma kwenye kila ukumbi wa zamani: jina la bendi, miaka, majina ya wapigaji wote hadi wa ngoma na tarumbeta. Vijana wenye simu wawarekodi wazee mwaka huu, na fungu la kwanza la kiingilio chochote liende kwa watoto wa watunzi. Nikija likizo ninaanza na jirani zetu wa Mji Mpya, na aliye na picha, santuri au jina la ukumbi ambalo wengine tumelisahau, tushirikiane.