Hema la juu ya gari: tunaogopa usiku, hatari iko mchana

Karibu kila anayetaka kununua hema la kufunga juu ya gari huanza na swali lile lile: paa litatubeba tukilala watu wawili na mtoto? Wengine huongeza simba na fisi. Hofu hiyo naielewa. Kambi ya Simba, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, haina uzio, na kule Seronera, ndani ya Serengeti, kwenye kambi za Pimbi, Nyani na Tumbili, wanyama hupita katikati ya mahema usiku kucha. Lakini gari lililoegeshwa mahali tambarare ni kitu imara sana. Anayenitia wasiwasi ni mtu aliyefungiwa hema la kilo 65 kwa haraka jana jioni, na alfajiri hii yuko barabara ya Makuyuni kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, watoto wamekaa nyuma, na hajui hata hema lake lina uzito gani.

Hofu yetu yote tunaimalizia kwenye saa za kulala. Saa za kuendesha, ambazo ndizo zinazolegeza nati na kukata vyuma, tunazipita bila kuuliza.

Watengenezaji wa magari hutoa kiwango cha uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Kwa magari mengi ya kawaida kiwango hicho ni kati ya kilo 50 na 100. Gari likisimama, paa lile lile hubeba uzito mkubwa zaidi ya hapo, kwa sababu uzito unashuka taratibu kupitia nguzo za milango hadi kwenye chasi na hakuna kinachousukuma huku na huku. Chukua Land Rover Defender mpya: kilo 168 ikitembea, kilo 300 ikisimama. Watu wawili wazima, godoro, mablanketi na hema lenyewe mara nyingi havifiki kilo 250. Basi usiku tulale.

Mchana hesabu hubadilika. Ukikanyaga breki ya ghafla kwa sababu ng'ombe wamevuka, hema la kilo 65 linasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 50. Ukikwepa shimo, linavuta pembeni, na kwa kuwa liko juu, gari linaegemea zaidi kuliko ulivyozoea. Upepo nao hauongezeki pole pole: ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nguvu yake juu ya hema haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Sehemu ya nguvu hiyo huingia chini ya sakafu ya hema na kulinyanyua. Yote hayo yanashikiliwa na bolti chache na miguu minne ya vyuma vinavyokatiza paa, vile ambavyo hema hukalia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kilo. Hema la turubai la watu wawili huwa kati ya kilo 45 na 60. Lenye ganda gumu linalofunguka kwa kuinuka mara nyingi ni kilo 60 hadi 80, na yale ya familia huzidi hapo. Ongeza vyuma vyenyewe, kilo sita au saba. Ongeza mablanketi na mito mliyoacha ndani ili msipate shida ya kupakia, maana navyo viko juu ya paa. Kiwango cha gari kikiwa kilo 75, hema la kilo 65 limeshakufikisha ukingoni kabla hujaweka hata shuka. Suzuki Jimny mpya, gari ambalo vijana wengi wanalitamani kwa safari za porini, kiwango chake ni kilo 30. Mahema mengi yanayouzwa hayafai kuwekwa juu yake, hata kama picha mitandaoni zinaonyesha vingine.

Na si paa peke yake lenye kiwango. Vyuma vina chao, miguu inayovishika ina yake, na reli za pembeni zina zao. Kiwango kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata. Nimeona watu wakijivunia vyuma vilivyoandikwa kilo 100 huku gari lenyewe linaruhusu 70. Vyuma vizuri havimwongezei mtu paa.

Hapa kwetu kuna tatizo ambalo wanaoandika maelekezo haya Ulaya hawalijui. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kitabu cha gari, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Mtu anamiliki Forester au Prado miaka mitano na hajawahi kusoma ukurasa hata mmoja. Kitabu cha modeli hiyo hiyo kwa Kiingereza hupatikana kwenye intaneti bila malipo, mara nyingi kile cha Australia au Uingereza, ambako magari yanaendeshwa upande wa kushoto kama huku. Linganisha namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha injini na mwaka wa gari, kisha tafuta sehemu inayohusu mizigo ya juu ya paa. Angalia pia kama reli ulizonazo ni za kubebea au ni za urembo. Yapo magari yenye reli za plastiki zilizobandikwa ili gari lipendeze tu, na kuzifungia kitu ni kujitafutia balaa.

Sasa tuje kwa mafundi wetu, ninaowaheshimu. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani au wa Kariobangi anaweza kukutengenezea keria kwa siku mbili, ikapendeza na ikadumu. Lakini chuma kina uzito. Bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2 lina karibu kilo moja na nusu kwa kila mita. Keria yenye mita 20 za bomba hilo imekula kilo 29 kabla ya wavu wa sakafu, kabla ya rangi, kabla ya hema. Kwenye Land Cruiser ya zamani yenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa, au Defender ya kale, mtu anaweza kupanga hesabu yake ikakaa, kwa sababu miguu inashika kwenye mfereji, sita au minane, na uzito unagawanyika. Ukiifunga keria hiyo hiyo kwenye gari dogo la mjini, kiwango chote kinaisha na hema bado liko chini.

Walioko Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, chungulieni mfereji huo wa mvua kabla ya kuushikiza chochote. Chumvi ya bahari hula kutoka ndani, rangi ya juu ikabaki nzima. Pitisha ncha ya bisibisi taratibu. Ikizama, usifunge hema hapo.

Kuna jambo moja sitalikubali hata nikibembelezwa vipi: kutoboa bati la paa. Fundi anasema, "Bosi, natia skrubu nne na silikoni, haitoki hii." Bati la paa halifiki milimita moja ya unene. Skrubu inashika karatasi. Itavujisha maji kwanza, kisha tundu litapanuka kwa mtikisiko, na siku ya breki kali hakuna kitakachobaki. Gari lisilo na reli, mfereji wala sehemu za bolti zilizowekwa kiwandani huvishwa miguu maalumu inayobana ukingo wa paa pale mlango unapofungia, na miguu hiyo hutengenezwa kwa umbo la gari la aina moja. Ya Corolla haikai kwenye Vitz. Kama haipatikani kwa gari lako, gari hilo si la hema la juu. Hema la chini ni zuri na ni rahisi.

Kazi ya kufunga yenyewe haitaki nguvu nyingi, inataka utulivu. Osha na kukausha kila mahali mguu utakapokaa, kwa sababu mchanga ulionaswa chini ya raba unakwaruza rangi na unafanya mguu uteleze. Pima kwa futi kutoka kioo cha mbele hadi chuma cha kwanza, kulia na kushoto. Tofauti ya sentimita moja inatosha kulipinda hema. Kati ya chuma cha mbele na cha nyuma acha nafasi inayotakiwa na mwenye hema, ambayo mara nyingi inakaribia mita moja. Vikikaribiana mno, hema linakuwa na vichwa viwili vinavyoning'inia na kila tuta linavichezesha.

Kukaza kuna kipimo. Seti nyingi nzuri za vyuma huja na ufunguo unaolia "tak" ukifika, na kwa bolti za hema kuna maelekezo ya mtengenezaji. Azima toki renchi, spana inayoonyesha nguvu ya kukaza. Fundi mwenye mkono mzito huvunja zaidi hapa kuliko mwenye mkono mwepesi, kwa sababu sakafu za mahema mengi zina njia za alumini, na alumini ikizidishiwa hupasuka kimya kimya. Kaza kwa zamu, kona hii kisha ile ya upande wa pili, ili uzito ukae sawa. Tumia nati zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Bolti za chuma cha pua kwenye alumini zipake grisi, hasa pwani, la sivyo mwakani utazikata kwa msumeno. Nati ikishakazwa, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita kwenye nati hadi kwenye kibao chake. Mistari ikiachana, nati imezunguka, na unaiona bila spana mkononi.

Kupandisha hema kunataka watu wanne. Wawili hulikokota juu ya paa, wanakwaruza na kupinda vyuma ulivyotoka kuvipima. Kabla ya kuondoka likamate hema kwa mikono miwili, ulitikise kwa nguvu mbele, nyuma na pembeni. Gari zima liyumbe pamoja nalo. Hema likicheza peke yake, rudi kwenye spana. Jaribio hilo namwomba pia kila anayekodi gari lenye hema Arusha au Nairobi alifanye mbele ya mwenye gari, kabla ya kusaini. Usione haya. Hema hilo limeshapita mikononi mwa wageni wengi, na haijulikani nani alilikaza mara ya mwisho.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama. Vitu vipya hujikalisha, raba inabonyea, na nati iliyokuwa ngumu nyumbani inakubali kuzunguka robo. Baadaye kagua kila asubuhi kabla ya chai. Na ukitoka kwenye lami kabisa, kama ile njia ya kutoka juu ya Ngorongoro kushuka hadi Naabi, lango la Serengeti, barabara imejikunja kama bati la nyumba. Pale kila nati hupigwa maelfu ya vipigo vidogo kwa saa. Madereva wengi huongeza mwendo ili gari lielee juu ya mikunjo, na ndani ya gari kweli kunatulia, ila matairi yanashika ardhi kidogo mno, na juu yako kuna mzigo unaotaka kwenda moja kwa moja kwenye kona. Punguza upepo wa matairi kiasi, punguza mwendo, fika ukiwa umechelewa. Ukiisikia sauti mpya juu ya kichwa, iwe filimbi, kugonga au kukwaruza, simama papo hapo, usingoje lango.

Kumbuka urefu pia. Gari lililokuwa na mita 1.8 sasa linapita mbili. Andika urefu mpya kwa herufi kubwa na ubandike mbele ya dereva, maana maegesho ya chini ya majengo Dar na Nairobi yana vizuizi, na matawi ya migunga porini hayana hata kibao.

Usiku nao una machache yake. Mahema ya turubai yanayokunjuliwa hutoa nusu ya sakafu nje ya gari, na nusu hiyo imeshikiliwa na ngazi. Ngazi ikizama, sakafu inainama na nyinyi mmelala. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua moja ya usiku inatosha. Beba vipande viwili vya ubao vya kuweka chini ya miguu ya ngazi. Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, na mtoto alale upande ulio juu ya gari.

Mkirudi, literemsheni hema. Wengi huliacha juu mwaka mzima kwa sababu kulishusha ni kazi na kwa sababu linapendeza mtaani. Huku nyuma linakula mafuta kila siku, jua linakausha turubai na raba, vumbi linaingia kwenye bolti, na gari la kwenda sokoni linaendeshwa likiwa zito juu bila faida yoyote. Tafuta boriti mbili imara kwenye banda la gari, funga kapi na mikanda minne, lining'inize likiwa limekaushwa vizuri, na vyuma vyake vifunge kwenye gunia pamoja na nati zote, toki renchi, na karatasi yenye vipimo vya kutoka kioo cha mbele.