Tiketi Ninayo, Muhuri Sina

Karatasi yenyewe ya faini hii hapa, nimeitandaza mezani kando ya kikombe cha chai, naitazama kama mtu anavyomtazama shemeji aliyesema amekuja kwa siku mbili. Euro 50. Msinigeuzie kwa shilingi, nimeshapiga hesabu mara tatu na mara zote njaa imenipotea.

Mimi ni mtoto wa Malindi, na hilo nalisema kifua mbele. Kitaliano sikukisoma, kilinikuta ufukoni nikiuza vinyago. Miaka 11 nimewauzia Wataliano, wenye kucheka na wenye kununa, na mtaani barua ya Kitaliano ikija nilikuwa naitwa mimi. Nikafika hapa Perugia, Italia, kukisoma rasmi, nikapewa mtihani wa kupangwa madarasa, nikaumaliza kabla ya wote, nikakunja mikono. Nikatiwa darasa la chini kabisa, pamoja na watu waliolijua neno "ciao" wakiwa ndani ya ndege. Ati vitenzi vyangu havinyambuliki. Mwalimu wangu, kwetu "io andare, tu pagare", mimi kwenda, wewe kulipa, imejenga nyumba za mawe!

Basi Jumapili. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali huku ni bure, na mwanafunzi akisikia bure hulala na viatu. Alfajiri nikateremka stesheni, nikanunua tiketi ya Firenze, nikaikunja vizuri nikaitia kwenye pochi. Treni ikaondoka, tukaliambaa ziwa Trasimeno, pale ambapo jemadari Hannibal wa Carthage, Mwafrika mwenzangu, aliwachapa Warumi mwaka 217 KK. Alipita na jeshi zima, na hakuna aliyemwuliza tiketi.

Mimi niliulizwa.

Mkaguzi akaigeuza tiketi yangu mbele na nyuma kama anayemnusa samaki wa jana. "Non è timbrato," akasema, yaani haijapigwa muhuri. Kisha: "Lei doveva timbrarlo," yaani "lei" alipaswa kuipiga. Sasa "lei" ninayoijua mimi ni yeye wa kike. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwapo bibi mmoja na kijibwa chake ndani ya kikapu. Nikamwambia mkaguzi kwamba yule mama simjui, na kama hakupiga muhuri amwulize mwenyewe. Bibi akatoa macho. Mkaguzi akasema "Lei" tena, kidole kimenielekea mimi. Kumbe hiyo ndiyo adabu yao: mtu ukimheshimu unamfanya mwanamke asiyekuwapo. Miaka 11 ya "ciao bello" ufukoni, ina maana hakuna aliyewahi kuniheshimu hata siku moja?

Ikabainika kuwa kununua tiketi si kitu. Sharti uichomeke kwenye kimashine kilichobanwa ukutani stesheni, kiipige muhuri wa saa. Kimashine chenyewe nilikiona. Nilidhani ni cha sabuni.

"Quanto?" nikauliza, ni kiasi gani.

"Cinquanta." Hamsini.

Hapo damu ya biashara ikanipanda. "Amico! Troppo caro! Venti, ultimo prezzo." Rafiki, ghali mno, ishirini, bei ya mwisho.

Akaendelea kubofya kijimashine chake. Nikampandishia hadi venticinque, ishirini na tano, kwa kuwa ni asubuhi, ya kufungulia kazi. Kimya. Ikabidi nitoe ile silaha ya wateja wangu wenyewe: nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikaondoka zangu. Kwetu mteja hafiki hatua ya tano hajaitwa. Nikahesabu tano. Nikahesabu kumi. Nikalimaliza behewa zima, nikafika mlango wa choo, na sijasikia mtu akiita "amico, vieni", rafiki, njoo. Kugeuka, namwona ananifuata polepole, karatasi inatoka kwenye mashine kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Akataka kitambulisho. Nikampa risiti ya posta, maana tangu niombe kibali cha kukaa ninaishi kwa risiti, na wenzangu wanasema kadi yenyewe hutoka wiki moja kabla ya kuisha muda wake. Akaisoma mstari kwa mstari.

Nikaacha mzaha. Jamani, si nimelipa! Tiketi ninayo mkononi, tarehe ni ya leo, safari ni hii hii. Nimemwibia nani? Makanga wa kwetu hata tiketi hakupi, anakariri sura yako na noti yako na chenji anayojifanya ameisahau, na bado gari linafika! Hapa pesa nimewapa kabla sijakanyaga ngazi, na bado mimi ndiye mwizi, kwa sababu sikuipigia hodi sabuni!

Yule bibi akanionea huruma. Akaja na kikapu chake, akanipa caramella iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nami, kwa kutaka kulipa wema, nikamweleza kuwa kwetu hii tunaiita pipi. Uso ukambadilika. Akanishika mkono kwa upole, akanifungulia mlango wa choo. "Pipì" kwao ni mkojo. Nikaingia. Ningefanya nini?

Firenze nikakuta foleni imekata kona mbili. Makumbusho yalikuwa bure, na mimi nilikwenda bure. Nikapiga picha na yule Daudi, sanamu ya uwanja wa Piazza della Signoria, ambaye ni nakala iliyosimamishwa mwaka 1910. Aliyechongwa na Michelangelo mwenyewe wamemwingiza ndani tangu 1873. Nikaituma nyumbani bila kutaja habari za nakala. Ami akauliza ni askari wa wapi. Mama akatuma ujumbe wa sauti, mwanzo pumzi tu: "Mwanangu, mtu hana nguo, nawe umemkaribia hivyo na unacheka?" Sikuthubutu kumwambia ni nani.

Nikarudi usiku na njaa, nikakata mkate. Mkate wa hapa hauna chumvi. Wenyeji hukusimulia kwamba wazee wao waliisusa chumvi mwaka 1540, Papa Paulo wa Tatu alipowapandishia bei yake. Papa akawashinda, akajenga ngome juu ya nyumba zao, na leo ngazi za umeme zinatupitisha humo humo kupanda mjini. Karibu miaka 500 watu wameununia mkate. Mimi nimenuna siku moja tu, mwenzangu wa chumba anasema nimezidi.

Nikaamua kupika penne, zile tambi fupi. Hizo zamani nilikuwa naogopa hata kuziagiza, maana ile n usipoikaza umeomba kiungo cha mwanamume. Dawa nimeipata: unasema "pe", unatua, kisha unahesabu Kiswahili kimoyomoyo, moja mbili tatu, na ya mwisho unaitoa kwa sauti. Pe-nne. Mwalimu alinipigia makofi. Maji yakachemka, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi. Mkebe mtupu. Mkebe nilioandika jina langu kwa kalamu nyekundu, pande zote mbili! Na huyo anayesema nimezidi amelala fofofo.